Nani Atakayemletea Dawa?

Mwaka 2020 mwenye kisukari akaaye katika nyumba ya kupanga huko Kariakoo alipata mashauri mawili. La kwanza: jitenge na watu, kwani Korona huwalemea zaidi walio na ugonjwa wako. La pili ni la tangu zamani: fika kliniki, pimwa sukari, chukua dawa, usikose. Yote mawili yalikuwa ya haki. Angeshika lipi?

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi mwaka ule, na baadaye Hospitali ya Amana ikatengwa kwa wagonjwa wa namna hiyo. Masoko hayakufungwa. Basi yuko mtu aliyepenya umati wa Mtaa wa Kongo, lakini akaliogopa benchi la kliniki. Wako waliomcheka. Sisi hatumcheki. Sokoni alifuata chakula cha siku ile, na kisukari hakipigi kelele. Huharibu macho, figo na miguu polepole, hata mtu akadhani mwezi mmoja bila dawa si kitu.

Waganga wa nchi nyingi walitafuta njia: kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi miwili au mitatu kwa mara moja, kumwuliza hali yake kwa simu, kumfundisha kujipima. Ni busara. Lakini kila njia hiyo huutoa mzigo hospitalini na kuutua nyumbani. Dawa za miezi mitatu huenda zikataka fedha za miezi mitatu, naye mchukuzi wa sokoni hulipwa kwa siku. Insulini yataka ubaridi. Mtungi wa udongo hupunguza joto, ingawa haufikii friji. Tena mtumiaji wa insulini akishikwa na homa asiache sindano eti kwa kuwa hali chakula, maana homa yaweza kupandisha sukari. Amwulize mganga upesi. Nani atayakumbuka hayo yote usiku wa manane, mgonjwa akiwa peke yake?

Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius XII aliwaeleza waganga kwamba mtu hufungwa kuulinda uhai wake kwa njia za kawaida, yaani zile zisizomletea yeye au mwingine mzigo mzito, kwa kadiri ya hali ya watu, mahali na nyakati. Sindano ile ile ni jambo jepesi kwa mwenye nauli na friji. Kwa mzee asiyeweza kutoka yaweza kuwa mzigo usiobebeka, mpaka jirani abishe hodi. Hapo hurudi kuwa njia ya kawaida. Kwa hiyo, kabla ya kumhukumu mgonjwa aliyekosa kliniki, twataka kujua majirani zake walikuwa wapi.

Katika nyumba za Kariakoo Mwislamu na Mkristo hutumia ua mmoja na bomba moja. Mmojawapo alikuwa akitoka kila asubuhi kwa shughuli zake. Mganga akikubali, angeweza kuichukua na kadi ya mwenzake, akasimama foleni kwa ajili yake, akarudi na dawa, akaiweka mlangoni.