Je, Kumwonya Mwenzio Kuwa Mbele Kuna Askari ni Hisani?

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja, dereva wa lori apakiaye mizigo Mombasa na kuifikisha mpakani Lwakhakha kwa njia ya Bungoma na Chwele, swali ambalo twaliona lina uzito kuliko alivyodhani mwenyewe. Asema amepewa kidude cha kubandika mbele ya usukani, nacho hulia kila kinasapo rada ya askari wa barabarani. Je, yamfalia kukitumia? Na kama hayamfalii, ile desturi ya madereva kumulikiana taa yasemwaje?

Kwanza yapasa tufahamu kidude hicho chaonya nini. Chombo cha askari, ambacho jirani zetu wa Tanzania hukiita tochi, hutuma mawimbi ya redio. Yakiligonga gari hurudi yamebadilika kwa kadiri ya mwendo wake, kwa kanuni aliyoieleza Doppler mwaka 1842. Kidude hutega mawimbi hayo, basi. Kwa hiyo huweza kulia bure mbele ya duka lenye milango ijifunguayo yenyewe, au kwa kupishana na gari jipya lenye rada yake. Na askari akitumia mwali wa leza, aghalabu hulia mwendo umekwisha kupimwa. Lakini hebu tutazame kisichokililia. Hakimlilii mtoto avukaye njia siku ya soko, wala pikipiki isiyo na taa. Sheria ya Kenya yataka kilomita 50 kwa saa mjini. Apitaye hapo kwa 80, nguvu ya kugonga kwake yazidi mara mbili na nusu. Kidude chamtia dereva hofu ya faini, na kwa damu ya watu chamwacha ametulia.

Mwaka 2004 matatu zilipolazimishwa vidhibiti mwendo, enzi ya waziri John Michuki, hawakukosekana mafundi wa kuvichezea. Sisi watu hatukosi werevu!

Tutajibiwa kuwa askari wenyewe wala rushwa, na kumulika taa ni kumwokoa mnyonge na mikono yao. Hoja hii hatuidharau, maana rushwa ya njiani si siri, na hata aendaye kwa kipimo husimamishwa akaombwa chai. Lakini huyo taa haimwokoi, kwani haimwondoi askari njiani. Afaidikaye ni yule aliyekuwa akikimbia, naye akishampita askari hukanyaga mafuta tena. Isitoshe, amulikaye hajui garini mle yumo nani: huenda ni mlevi, huenda ni mwizi wa mtoto wa watu, naye amekwisha kumfungulia njia kwa jina la wema.

Rai yetu, basi, kidude akirudishe kwa aliyempa. Ama taa, azimulike penye ng'ombe njiani, penye lori lililokwama mteremkoni, penye ajali. Penye askari aziache. Wenzake wa safari watamwita mchoyo, na yamkini nao wasimmulikie tena. Hilo twalijua, na aliyetuuliza alilijua kabla yetu.