Hilo Banda Umemjengea Nani?

Mjukuu wangu, kaa hapa mkekani nikuambie, maana kusimama nawe juani siwezi tena. Kaskazi imeingia tangu Desemba, na mpaka Machi haitatuachia. Kuku wako wanakufa mchana kweupe, nawe umekimbilia duka la dawa za mifugo ukarudi na pakiti ya antibayotiki. Sikugombezi, nimeshazoea. Kila Februari mtaa huu hununua dawa, na ugonjwa wenyewe umekaa juu ya vichwa vya kuku: bati. Tena mayai ya kuku aliye kwenye dawa hiyo hayafai kuuzwa, ila najua trei imeshakwenda dukani.

Kuku hana jasho. Wewe ukishikwa na joto shati linalowa, upepo ukipita unapata nafuu. Mwili wake una nyuzi 41 hata 42 akiwa mzima kabisa, na manyoya hawezi kuyavua. Joto analitoa kwa pumzi, na kidogo kwenye upanga, ndevu na miguu. Ukimwona ametanua mabawa, mdomo wazi, koo linampigapiga, basi anatweta, anatafuta uhai. Na sisi wa pwani tuna taabu ya ziada, hewa imeshiba unyevu, kwa hiyo kutweta kwenyewe hakumpoozi sana. Wa Dodoma, mwenye joto kavu, akinyunyiza maji bandani huenda akafanikiwa. Wewe hapa Mbagala ukimwaga maji ndani ya banda lililozibwa, umewafunika kuku kwenye sufuria.

Na banda lako limezibwa kweli. Matofali mpaka juu, kidirisha kimoja cha nondo, na bati limeshuka hata mimi niliyepinda mgongo nalifikia. Jana saa nane niliweka kiganja nikakitoa mbio. Najua sababu, vibaka. Basi banda hilo umemjengea mwizi, kuku umemsahau. Bomoa kozi za juu, ukuta uishie magotini, kisha weka wavu, na nondo nyuma yake kama hofu haikuishi. Banda hutakiwa lilale mashariki kwa magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile ncha fupi. Lako limekaa kinyume, na sikwambii uanze upya. Ning'iniza turubai upande wa magharibi baada ya adhuhuri, liachane na wavu kidogo upepo upite, na jioni ulikunje. Juu ya bati tandaza makuti. Vijana mnaona makuti ni umaskini, kuku hajali.

Halafu chakula. Saa sita mchana unawamwagia pumba na mashudu ukidhani unawatia nguvu. Kusaga chakula kunazaa joto mwilini, na joto hilo linakutana na jua la saa nane. Lisha alfajiri, ondoa vyombo ikifika saa nne, virudishe jua likipungua. Yale mayai ya gamba jembamba unayolalamikia yanatoka kwenye joto hilo hilo: kuku akitweta sana hewa ukaa inamtoka kwa wingi, damu yake inabadilika, na chokaa ya kujenga gamba inapungua.

Maji nimeshachoka kuyasema. Tangi lako ni jeusi na mpira umelala juani. Fungua uchovye kidole uone kama wewe ungeyanywa. Fukia mtungi nusu ardhini kivulini, uwatekee humo, uyabadilishe mchana na si asubuhi tu. Weka vyombo viwili vitatu mbalimbali, maana jogoo wako yule anawafukuza wanyonge.

Aliyezidiwa usimtie barafu, wala usimminyie maji mdomoni, yatamwingia mapafuni. Mpeleke kivulini, umchovye miguu mpaka tumboni kwenye maji ya kawaida, umpepee. Yule kishingo mnayemcheka kwa shingo yake tupu hutahitaji kumpepea. Upungufu wa manyoya ndio unaomponya.

Utaniuliza kama si kideri. Kideri hakingoji alasiri. Kuku hunyong'onyea hata asubuhi, huharisha kijani, wengine shingo hupinda. Hawa wako wanazidiwa saa nane, na waliopona jioni wanaparura kama kawaida. Chanjo ya kideri wapige hata hivyo, ila asubuhi na mapema; kuwakimbiza na kuwakamata saa sita ni kuwamaliza.

Turubai tulilofunikia mchanga liko nyuma ya jiko. Kamba utaikuta hapo hapo. Misumari kanunue mwenyewe, na ile pakiti ukaulize kama watakubali kuirudisha.