Tumfukuze mmishionari au tukae tumsikilize?



Hapa mtaani kwetu Makorora, Tanga, aliwahi kupanga nyumba mzungu mmoja na mkewe na watoto wao wawili. Kazi yake hakuificha. Alipoulizwa barazani alijibu, tena kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba amekuja kulea wachungaji. Anazunguka Muheza, Pangani mpaka Handeni, anakaa na wachungaji wa vikanisa vya vijijini ambao wengi wao hawakupata kusoma, anawafundisha Biblia, namna ya kuweka hesabu ya sadaka na namna ya kuishi na wake zao kwa wema. Na akipata nafasi, akasema, huwaeleza watu habari za Yesu. Akanywa kahawa yake, akashukuru, akapanda baiskeli akaenda zake.

Haukupita muda mrefu, siku moja baada ya sala ya Alasiri, wakanijia vijana watatu. "Shikamoo mzee. Tumekuja tushauriane. Yule mtu hafai kukaa katika mtaa wa Waislamu. Amekuja kuwapotosha wanyonge wetu." Mwenye nyumba ni Muislamu, tunajuana tangu chuoni, na walichotaka ni mimi nikamwambie avunje mkataba. Niliwaomba wiki moja. Haya ninayoyaandika ni yale niliyowajibu, pamoja na mengine ambayo siku ile sikuwa na ujasiri wa kuyasema.

Kwanza tuelewe kwamba jambo hili si geni pwani hii. Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamishionari cha Uingereza, CMS, alifika Zanzibar mwezi Januari 1844. Sayyid Said alijua wazi amekuja kwa ajili gani. Hakumrudisha baharini, bali alimpa barua kwa maliwali wake wa pwani wampokee vyema. Alipofika Mombasa na kuanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Kadhi! Mwaka huo huo wa 1844 Krapf akazikwa mke na mtoto mchanga katika ardhi hiyo, naye akabaki.

Wapo watakaosema Sayyid na Kadhi walighafilika, na kwamba walimfungulia mlango mtu aliyekuja kubomoa nyumba. Mimi naona Kadhi yule alikuwa mtu aliyeijua dini yake kiasi cha kutoogopa kukaa meza moja na mtu wa dini nyingine.

Lakini hoja yangu kubwa sikuitoa Mombasa. Niliitoa Madina. Tunajua sote, maana tumefundishwa tangu utotoni, kwamba kabla ya Hijra Mtume (SAW) alimtuma Mus'ab bin Umair kwenda Yathrib kuwafundisha watu Qur'an. Mus'ab alikuwa mgeni katika mji ule. Alikaa nyumbani kwa mwenyeji wake, As'ad bin Zurara, akawa anawakusanya watu bustanini na kuwasomesha. Wanazuoni wa Sira wamesimulia kwamba siku moja Usayd bin Hudhayr, mmoja wa wakubwa wa Bani Abdil-Ash'hal, alichukua mkuki wake akamwendea. Alimwambia nini? Alimuuliza kwa nini amekuja kuwapotosha wanyonge wao, na akamtaka aondoke ikiwa anaitaka roho yake.

Ndugu msomaji, lisome tena neno hilo la kuwapotosha wanyonge. Ndilo neno lile lile walilonijia nalo vijana wa Makorora. Mus'ab hakujibu kwa ukali. Alimuomba akae asikilize, likimpendeza alikubali, na likimchukiza wataliondoa asilolipenda. Usayd akasema hilo ni jambo la insafu, akauchomeka mkuki ardhini, akakaa. Yaliyofuata yanajulikana.

Nilipowasimulia vijana, mmoja wao, kijana mwenye akili, alinikamata hapo hapo. "Lakini mzee, Mus'ab alikuja na haki. Huyu amekuja na batili. Utalinganishaje?" Ni swali zuri, na anayelipita juu juu hajafikiri. Jibu langu ni hili: Usayd alipokuwa anauchomeka mkuki ardhini, alikuwa hajajua bado kwamba Mus'ab amekuja na haki. Insafu yake ilitangulia imani yake. Kama angeshika kanuni ya vijana wetu, kwamba mwenye kuhubiri lisilo la wazee wetu afukuzwe kwanza, Madina isingesilimu. Sisi tunaosoma kisa kile na kufurahi kwamba Usayd alikaa, tumnyime nani haki ya kusikilizwa? Na hatusikilizi kwa sababu tuna shaka na dini yetu. Qur'an imetuambia katika Suratul Baqara aya ya 256 kwamba hakuna kulazimishana katika dini, na katika Surat al-Mumtahina aya ya 8 kwamba hatukatazwi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Yule mzungu hakumtoa mtu nyumbani kwake. Sisi ndio tuliotaka kumtoa kwake.

Halafu tujitazame wenyewe. Ndugu zetu wa Tabligh wanatoka siku arobaini, wengine miezi minne, wanalala misikitini katika miji wasiyozaliwa. Uislamu ulifika Ujiji na Buganda kwa midomo ya wafanyabiashara na waalimu wa pwani, ambao nao walikuwa wageni huko. Leo Waislamu wanalingania London na Chicago, na akizuiwa mmoja wao tunalalamika, tena kwa haki. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, imeifanya kazi ya kueneza dini kuwa huru na ya hiari ya mtu. Haikuandika kwamba ni huru isipokuwa Makorora.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba nasema hakuna malalamiko. Yapo, na ni mazito. Kizazi cha baba yangu kilikuta shule nyingi ziko mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wakaona kheri mtoto abaki na chuo cha Qur'an kuliko apate kusoma apoteze dini. Hasara ya uamuzi ule tunailipa mpaka leo. Mwaka 1968 East African Muslim Welfare Society, iliyokuwa na nia ya kujenga shule, ikapigwa marufuku. Mwaka 1992 serikali ikatia saini mkataba na makanisa kuhusu elimu na afya, na Waislamu wakabaki kuuliza na wao wako wapi. Haya yote ni kweli. Lakini ni mambo ya dola, na madai yake yapelekwe kwa dola. Kumfukuza mpangaji mmoja Makorora hakufuti hata mstari mmoja wa mkataba ule.

Lipo na jingine ambalo halinipi usingizi: mkono unaotoa huku unavuta. Tuna jirani mjane anayeuza maandazi na uji asubuhi. Miezi mitatu alidaiwa kodi. Akina mama wa kanisa, mke wa mzungu akiwa mmoja wao, wakamlipia. Hawakumtaka abatizwe, ila baadaye wakamkaribisha katika kikao chao cha Jumatano, naye kwa haya akaenda. Hiyo ni sadaka au ni chambo? Mtu mwenye njaa akikaribishwa, hiari yake ina uzito gani? Nilikuwa tayari kuandika kwamba hapo ndipo penye mpaka, kwamba kulingania ni halali na kununua nyoyo ni haramu. Kisha nikakumbuka Surat at-Tawba aya ya 60, na lile fungu la zaka la wale wanaotiwa nguvu nyoyo zao. Nasi basi tuna mlango wetu wa kutoa mali kwa ajili ya nyoyo. Najua Sayyidna Umar aliwakatalia fungu hilo baadhi ya wakuu wa makabila akiona Uislamu umeshapata nguvu, na maulamaa wamelizungumza sana. Lakini siwezi kusimama mbele ya mzungu yule nikajifanya kwamba jambo hili silijui kwetu. Nitakachoweza kumwambia, na nilimwambia, ni kwamba akimlipia mtu kodi asimwalike popote kwa mwaka mzima. Alinyamaza, akasema atalifikiria. Sijui kama alilifikisha kwa mkewe.

Mjane yule nilimuuliza kwa nini hakuja msikitini. Akanitazama kwa muda. "Nilikuja, baba. Wakaniambia nisubiri Ramadhani." Ramadhani ilikuwa mbali miezi saba. Msikiti wenyewe siutaji, na mimi nimewahi kukaa katika kamati yake.

Nirudi kwenye kazi ya kulea wachungaji, maana ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Hawa jamaa wana historia ndefu nayo. Misheni ya UMCA, iliyohamia Zanzibar mwaka 1864 na baadaye ikajenga Magila karibu na Muheza, ilianza kwa kuwalea watoto waliokombolewa utumwani. Mmoja wa watoto hao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo, Cecil Majaliwa, alipewa mwaka 1890. Uaskofu je? Katika dayosisi ya Zanzibar, ambayo Tanga ilikuwa ndani yake, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu ni John Sepeku, mwaka 1963. Hesabu mwenyewe: ni miaka 99 tangu 1864! Mtoto anayelelewa miaka 99 amelelewa au ametawaliwa? Hilo nalo nilimuuliza mzungu wetu, na kwa haki yake nitasema alikubali kwamba ni aibu, akaongeza kuwa yeye amejiwekea miaka michache kisha aondoke. Na kweli aliondoka.

Ila tusicheke. Vijana wetu nao wanakwenda kusomeshwa Madina, Khartoum na kwingineko kwa fedha za watu, na wengine hurudi wakimwona mzee aliyewafundisha alifu hana elimu kwa sababu anasoma Maulidi. Ulezi wa kutoka ng'ambo una bei yake, uwe wa msalaba au wa kanzu.

Na hata tafsiri ya Qur'an. Tafsiri kamili ya Kiswahili iliyotangulia kuchapishwa, mwaka 1923, ni ya padri wa UMCA, Godfrey Dale, aliyeifanya kwa malengo yake na kuitilia maelezo ya kutupinga. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alitimiza yake mwaka 1969. Hakwenda kumchomea mtu nyumba. Alikaa akaandika, na leo ni nani anayekisoma kitabu cha Dale?

Vijana niliwajibu kwamba sitakwenda kwa mwenye nyumba. Wawili walikasirika na mmoja wao hanisalimii mpaka leo. Yule wa tatu, aliyeniuliza la haki na batili, alirudi siku ya pili kuniuliza jina la Usayd linaandikwaje.

Mzungu alipokuwa anafunga mizigo nilimpelekea kashata. Aliniambia jambo moja ambalo sijalitua. Alisema katika mizunguko yake alikuwa akipita karibu na vyuo vyetu vya Qur'an huko vijijini, na akimwona mwalimu amekaa peke yake na watoto sitini, alikuwa akijiuliza huyu naye analelewa na nani.

Wiki ile ile nilimwendea maalim wa chuo kilicho nyuma ya nyumba yangu. Ana miaka ishirini hapo, anaishi kwa senti za Alhamisi na vibarua vya kupaka chokaa. Nikamuuliza, mara ya mwisho ni lini mtu alikuja kukaa naye, si kumkagua wala kumletea mtoto, kukaa naye tu na kumuuliza hali yake na masomo yake. Alidhani namtania. Akapangusa ubao, akaniuliza kama nimekuja kudai kitu.