Je, Aliyedhulumiwa Ajihukumie Mwenyewe?

Katika nchi za Kanada na Marekani huchezwa mpira wa magongo juu ya barafu. Katika ligi yao kubwa, NHL, wachezaji wawili wakitupa magongo yao na kupigana ngumi, kwa kawaida hawafukuzwi mchezoni. Kila mmoja hukaa nje dakika 5, kisha hurejea. Wenye kuitetea desturi hii husema: refa hawezi kuona kila hila, basi mwenye kuumiza wenzake na ajue kuwa yuko atakayemlipiza, naye ataogopa.

Hoja hii si ya kudharauliwa. Dhulma ipo, na refa ni mwanadamu. Wala sheria yetu ya Kiislamu haikumnyima aliyedhulumiwa haki yake. Imeruhusu kisasi kilicho sawa na dhara, ingawa kusamehe ni bora. Lakini kisasi hicho imekitia mikononi mwa hakimu, haikumwachia mwenye ghadhabu. Hekima yake ni nini? Na tutazame kisa kimoja.

Mwezi wa Februari 2004, Steve Moore wa timu ya Colorado alimgonga Markus Naslund, nahodha wa Vancouver, akamuumiza kichwa. Marefa hawakumwadhibu, wala wakuu wa ligi hawakumwadhibu baadaye. Wenziwe Naslund hawakuridhika. Timu hizo zilipokutana tarehe 8 Machi, Moore alipigana na mmoja wao, na kwa desturi yao deni lilikuwa limekwisha kulipwa. Lakini ni nani wa kutamka kuwa limekwisha? Baadaye siku ile ile, Todd Bertuzzi alimfuata kwa nyuma, akampiga ngumi ya kichwa, akamwangukia juu ya barafu. Moore alivunjika mifupa mitatu ya shingo, na hakucheza tena katika ligi hiyo.

Hekima ni hiyo. Hakimu hukadiria adhabu, kisha huifunga kesi. Ghadhabu haina kipimo wala haifungi kesi.

Na mlipizaji naye haokoki. Derek Boogaard, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwapigania wenzake, alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 28, kwa kuchanganya dawa za maumivu na ulevi. Ubongo wake ulipopimwa ulionekana una maradhi yatokanayo na kupigwa kichwa mara kwa mara.

Ndugu wasomaji, tusiwacheke watu wa mbali. Mwizi akikamatwa mtaani kwetu hupigwa kabla hajasikilizwa, na udhuru ni ule ule: polisi hawatoshi. Kujikinga na anayekushambulia ni haki. Kumwandama aliyekwisha shikwa ni dhulma mpya. Ikiwa refa ni dhaifu, na atiwe nguvu. Ikiwa hakimu amelala, na aamshwe. Ama kuivaa kanzu yake hali tumeghadhibika, hilo halitutoi katika dhulma, hutuongezea.