Nani Hayumo Katika Kadi Yenu?
Wapendwa wanandoa, Krismasi inakaribia. Huenda mnapanga kupiga picha mjini Embu na kutengeneza kadi ya familia. Ni jambo jema. Lakini kwanza hesabuni watoto. Yuko wapi yule ambaye mama alimzaa kabla ya ndoa, anayelelewa na nyanya yake kule Runyenjes? Kadi hiyo itafika huko pia, naye ataiona.

Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa, London mwaka 1843, ilionyesha familia mezani, na pembeni maskini wakilishwa na kuvishwa. Hata wageni hawakusahauliwa, sembuse mtoto wa nyumbani?

Wewe mume, kumbuka Yosefu alimlea mtoto ambaye hakumzaa. Mleteni mtoto kwanza, kisha mpige picha.