Kumpa Mwenzio Kisogo

Yeyote adhaniye kuwa Kiswahili ni maskini wa maneno na ahesabu majina tuliyoipa kazi ya kumdharau mtu bila kumgusa wala kumtukana. Wazee walisema fulani kampa mwenzake kisogo, au kampa mgongo, kajitia hamnazo, katia nta masikioni. Nyumbani twasema kununa, na kununa kwenyewe kuna daraja zake, tangu kubetua midomo hadi kusonya. Vijana wa mjini Morogoro hawakuridhika na hayo, wakajiongezea ya kwao: kumchunia mtu, kumkaushia, kumlia buyu, kumpotezea. Tena siku hizi hata kukutana njiani si lazima, maana mtu aliyeko Dar es Salaam aweza kumnunia nduguye wa Matombo kwa simu tu: ujumbe umefika, umesomwa, alama mbili zimegeuka buluu, na jibu halitoki.

Tumeyatazama maneno hayo, hasa yale ya wazee, tukaona jambo moja. Mengi yataja mwili wa yule anayedharau, si wa anayedharauliwa: kisogo chake, mgongo wake, masikio yake, midomo yake. Na ndivyo ilivyo. Ili kumpa mtu kisogo, sharti kwanza uwe umemwona uso. Asiyekuona hawezi kukuchunia.

Mwenye kuzijua njia za Uluguru atatuelewa. Huko Mgeta au Kinole, mahali ambapo upande mmoja wa njia ni mlima na upande wa pili ni korongo, watu wawili hawapishani pasipo mmoja kusimama pembeni, hasa kama mwenzake ana mkungu wa ndizi kichwani. Hapo salamu hutoka yenyewe. Lakini tumewaona dada wawili, watoto wa mama mmoja, wakipishana mahali kama hapo mabega yakigusana, kila mmoja ameyakazia macho mawe ya njia kana kwamba amedondosha fedha. Chanzo kilikuwa shamba. Kama ijulikanavyo, kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na wanaodai kipande kimoja mara nyingi ni wale wale walionyonya ziwa moja. Watu baki hugombana, wakapelekana barazani, wakaamuliwa. Ndugu hununiana; na kwa kuwa hakuna aliyetamka neno, baraza nalo halina la kuamua.

Tukizitembelea jumuiya ndogo ndogo na kuuliza kama kuna wasiosemezana, jibu tulipatalo ni hili: “Padre, mimi sina ugomvi na mtu. Yule sina habari naye tu.” Nalo husemwa kwa moyo mweupe kabisa! Mtu atakumbuka kwamba alitukana, alidanganya, aliiba mahindi. Lakini kwamba kwa miaka sita amempita jirani yake kama anavyoupita mti, hilo halioni kuwa ni tendo. Sala ya Nakuungamia, katika Kilatini cha kale, ilitaja mawazo, maneno na matendo. Misale iliyotoka mwaka 1970 iliongeza jambo la nne, yaani wajibu usiotimizwa. Twajipiga kifua kila Dominika, na tufikapo kwenye hilo la nne mawazo ya wengi wetu yamekwisha kuhamia kwingine.

Tufungue Injili ya Luka, sura ya 16. Yule tajiri tumezoea kumhukumu kwa karamu zake na mavazi yake. Lakini akiwa katika mateso amwomba Ibrahimu amtume Lazaro. Amtaja kwa jina! Hatusomi popote kwamba kuna aliyemwambia jina hilo huko. Basi alilijua tangu siku zile alipokuwa akitoka na kuingia mlangoni pake. Hakukosa habari, alijitia hamnazo. Na hata hapo motoni hasemi na Lazaro mwenyewe. Asema na Ibrahimu juu ya Lazaro, kama mtu aagizaye mtumishi wa nyumba, ilhali Lazaro yuko mbele ya macho yake.

Wadhanio kwamba kimya hakimdhuru mtu na wasome Kitabu cha Pili cha Samweli. Amnoni alipomtenda jeuri Tamari, Absalomu, ndugu yake Tamari, hakumwambia Amnoni neno lolote, jema wala baya. Kimya hicho kilidumu miaka miwili, kisha ikamwagika damu. Absalomu akakimbia, na aliporudishwa Yerusalemu, mfalme Daudi, baba yake mzazi, alikataa kumwona uso, miaka miwili mingine. Absalomu akamwita Yoabu amsemee kwa mfalme. Yoabu hakuja. Akamwita mara ya pili, hakuja. Ndipo akaamuru shamba la shayiri la Yoabu litiwe moto, na siku hiyo Yoabu alifika bila kuitwa. Hatimaye baba alimbusu mwanawe, lakini busu lilikuwa limechelewa. Mwana akainuka kuutaka ufalme wa babaye.

Msomaji atatuuliza: je, Bwana wetu hakumnyamazia Herode? Alimnyamazia. Wala hatusemi kwamba aliyepigwa arudi kukaa mkono ulipo. Kujiepusha na anayekuumiza si kumpa kisogo. Lakini usiku uliotangulia, Petro alipoapa kwamba hamjui mtu huyu, Bwana aligeuka akamtazama. Hakumwambia neno, naye Petro akatoka nje akalia.

Wazee wa hapa kwetu walikuwa na dawa yao, nao ni utani unaofungamanisha ukoo na ukoo. Mtani huingia msibani na maneno yake ya kuudhi pale ndugu walipokunja nyuso, na desturi haimruhusu mtu kumnunia. Tumepata kuona ndugu wawili wakicheka kwa pamoja juu ya kaburi la mjomba wao, kwa sababu ya mtani, baada ya kukaushiana tangu mavuno.

Nasi tusihubirie wengine tu. Kuna mzee mmoja, katekista mstaafu, aliyezoea kushuka mlimani na kuja ofisini petu na barua ndefu za kuchapwa, karatasi nne zilizoandikwa pande zote mbili. Siku moja, kazi ikiwa imetuzidi, tulimwona dirishani akivuka uwanja, tukamwambia kijana wetu aseme hatupo. Mzee alikaa benchini saa mbili. Alipoondoka alimwachia kijana maneno haya: “Mwambie Padre asisumbuke. Nilimwona alipofunga pazia.”

Hajarudi tangu Kwaresima. Barua yake tumeisoma sasa. Yahusu daraja la miti ambalo watoto hulivuka waendapo shule, nayo ina ukweli mwingi, na itachapwa juma lijalo. Kuichapa hakutoshi. Jumamosi tunapanda kwake, kwa gari hadi barabara inapokomea, na kwa miguu sehemu iliyobaki. Kama ataitikia hodi yetu, hatujui.