Utengano na Dhuluma

Liko swali ambalo raia wa nchi changa hawezi kulikwepa, nalo ni hili: je, utawala mbaya ndio huzaa utengano wa makabila, au utengano wa makabila ndio huzaa utawala mbaya? Wako wasemao kuwa tukipata viongozi wema ukabila utatoweka kama umande mbele ya jua. Wako wengine wasemao kuwa viongozi ni zao la watu wao, na kwamba shamba la magugu halitoi mpunga. Kila upande una sehemu ya kweli. Nakuomba, msomaji, uandamane nami katika pwani ya Malindi na Kilifi, maana nchi hiyo, toka Mtwapa mpaka ng'ambo ya mto Sabaki, imeonja uchungu wa pande zote mbili, na historia yake ni mwalimu asiyeficha somo.

Tuanze mbali. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilifika Mombasa, na baina ya wageni na wenyeji hapakuwa na kuaminiana. Siku chache baadaye zilitia nanga Malindi, na huko zikapokewa kwa heshima. Mfalme wa Malindi aliwapa Wareno chakula, akawapa na rubani wa kuwavusha bahari mpaka Calicut katika Bara Hindi. Kwa nini mji mmoja ulishuku na mwingine ukakumbatia? Sababu ni kwamba Malindi na Mombasa zilikuwa na uhasama. Watu wa miji hiyo miwili walisema lugha moja, walifuata dini moja na walisafiri kwa pepo zile zile za kaskazi na kusi. Ilakini walishindana kwa biashara na ukubwa, na Malindi ilimwona mgeni mwenye mizinga kuwa ni rafiki wa kumtisha jirani.

Rafiki huyo alifanya kazi aliyotamaniwa. Mwaka 1505 Wareno waliipiga Mombasa wakaichoma moto, na katika karne hiyo hiyo wakaipiga tena na tena. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu, na mfalme wa Malindi akahamia Mombasa kuutawala mji wa adui zake chini ya bendera ya Wareno. Mtu angeweza kudhani kuwa Malindi imeshinda. Lakini nguvu za Wareno na shughuli zao zilihamia Mombasa pia, na Malindi ikaanza kufifia. Mwaka 1614 Sultani Hassan bin Ahmad, wa ukoo ule ule wa Malindi, baada ya kukosana na Wareno alikimbilia bara na huko akauawa. Mwaka 1631 mwanawe, Yusuf bin Hassan, aliinua silaha juu ya walinzi wa baba zake. Akaitwaa ngome, lakini hakuweza kukaa nayo. Mji wa Malindi uliendelea kudhoofika hata ukawa magofu, na haukuinuka tena mpaka miaka ya 1860, ulipokaliwa upya chini ya Sultani wa Unguja na mashamba yake yakalimwa kwa jasho la watumwa. Wahenga walisema kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Panzi wa Malindi alifurahi kuona panzi wa Mombasa akiliwa, asitambue kuwa kunguru hana urafiki na panzi.

Zingatia jambo moja hapa. Katika kisa hiki hamna kabila. Waliogombana walikuwa ndugu wa damu, wa lugha na wa ibada. Kwa hiyo tusidhani kuwa watu hutengana kwa sababu Mungu aliwaumba na majina mbalimbali. Kabila ni vazi tu ambalo utengano huvaa. Asipolipata vazi hilo atatafuta jingine: mji, ukoo, dini, rangi au chama. Ndani ya mavazi yote ni mwili mmoja, nao ni tamaa ya kupata heri kwa njia ya kumnyima mwingine.

Sasa tutazame upande wa pili, yaani jinsi utawala mbaya unavyozaa utengano. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya mwambao. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa kulithibitisha dai lake, na ardhi ambayo haikuthibitishwa kuwa ya mtu ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Uingereza. Lakini Wamijikenda wengi hawakuwa na karatasi. Ushahidi wao ulikuwa mwembe uliopandwa na babu, kaburi la bibi na neno la wazee wa kaya, na mashahidi hao hawakujua kusema mbele ya karani. Watu wakalala ni wenyeji, wakaamka ni maskwota juu ya makaburi ya wazee wao.

Pamoja na hayo ilikuwako kodi ya nyumba na madai ya vijana wa kufanya kazi, na juu yao wakawekwa wakuu walioteuliwa na serikali, si na watu. Mwaka 1913 mwanamke mmoja wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, alizunguka akiwaapisha watu wakatae. Alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali hata Kisii. Wakatoroka wakarudi kwao kwa miguu. Mwaka 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na Wagiriama wakatozwa faini na kuamriwa kuondoka katika mashamba yao mazuri ya kaskazini ya Sabaki. Huo ndio utawala usio na ridhaa: huvunja kaya kisha hushangaa kuwa watu hawana imani.

Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, bendera ilibadilika lakini hati za ardhi hazikubadilika. Miaka ikapita, na wenye vyeo wakajifunza kugawa ardhi kama watu wagawavyo halua harusini. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma katika Kenya ilivyotolewa kinyume cha sheria kuwa zawadi za kisiasa. Hapo ndipo mche wa chuki unapomea. Mkulima aliyekaa miaka mingi bila hati humwona jirani aliyetoka bara akiwa na hati, naye hasemi, "Sheria imenidhulumu." Husema, "Kabila lile limenidhulumu." Aliyetia sahihi yuko mbali na hana sura, jirani yuko karibu na ana jina.

Msomaji, swali zito la insha hii limo hapa. Mtu aliyedhulumiwa kweli ana haki ya kufanya nini? Washauri wawili humjia. Wa kwanza humwambia, "Nyamaza, usitaje dhuluma yako, maana kuitaja ni kuvunja umoja wa taifa." Shauri hili lilijaribiwa. Chama cha KADU, ambacho kiongozi wake alikuwa Ronald Ngala, mwana wa pwani hii, kilitaka majimbo yawe na madaraka yake ili makabila madogo yasimezwe. Mwezi wa Novemba 1964 chama hicho kilivunjwa kikaingia katika KANU, na madaraka ya majimbo yakaondolewa. Toka mwaka 1982 mpaka 1991 sheria iliruhusu chama kimoja tu. Umoja ulihubiriwa kila siku, lakini malalamiko hayakufa. Yalizikwa yakiwa hai. Umoja ambao watu wamekatazwa kulia ndani yake ni kimya cha hofu. Chungu kilichofunikwa juu ya moto hakipoi kwa kufunikwa.

Mshauri wa pili humwambia, "Mfukuze mgeni, na vyote vitakuwa vyako." Shauri hili nalo lilijaribiwa. Tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la washambuliaji lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, kusini ya Mombasa, likaua askari na kuchukua bunduki. Kisha zikafuata siku za kuchoma nyumba na kuua watu waliohesabiwa kuwa wa bara. Maelfu walikimbia. Adhabu ilifika Malindi na Kilifi pia. Watalii waliiogopa pwani yote, mahoteli yakakosa wageni, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mvuvi aliyeuza samaki kwa mpishi wa hoteli, kijana aliyechonga vinyago, mama aliyefua mashuka, wote walipoteza riziki. Jiulize: ni hati ngapi zilizorudi kwa wenyewe? Aliyegawa ardhi kwa hila hakupoteza hata nazi moja. Shauri la pili lilimwadhibu aliye karibu na kumwacha mwenye kosa.

Basi washauri hawa wawili, ijapokuwa wanaonekana kuwa maadui, humtumikia bwana mmoja. Anayezuia malalamiko humlinda mtawala mbaya kwa kimya. Anayeyaelekeza malalamiko kwa jirani humlinda kwa kelele.

Nataka pia uone kazi ya ukabila katika siku ambazo hakuna vita. Mpiga kura huuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Haulizi, "Huyu amefanya nini?" Mtu akiisha kujua kuwa atachaguliwa kwa jina la baba yake, kazi njema humwia mzigo usio na faida. Akiiba, watu wake husema, "Wa kwetu anaonewa." Kwa njia hiyo kabila humpa mwizi kivuli, na mwizi hulipa kabila maneno. Tazama kiwanda cha korosho cha Kilifi. Kilianza kazi katika miaka ya 1970, kikanunua korosho za wakulima na kuwapa watu ajira. Uendeshaji mbaya na madeni vikakilemea, na kabla ya mwisho wa karne kikafungwa. Mkulima akabaki na mikorosho yake, akiuza korosho ghafi kwa bei aitakayo mchuuzi. Mzigo wa kufungwa kwake ulimwangukia Mgiriama na Mchonyi, Mswahili na mtu wa bara, bila ya kuuliza kabila. Ufisadi una usawa mmoja tu, nao ni huo wa kuwafukarisha wote.

Na utengano ukiachwa ukue, haukai palepale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika Kenya. Mwaka 2012, katika delta ya mto Tana, jirani na Malindi, Wapokomo na Waorma waliuana kwa ajili ya mashamba, malisho na maji. Wote walikuwa watu wa pwani. Hapakuwa na mgeni wa kulaumiwa. Atafutaye adui wa kabila jingine hatakosa kumpata hata akibaki na watu kumi kijijini.

Je, tukate tamaa? Sivyo. Tazama jina la Mijikenda lenyewe. Maana yake ni miji tisa: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo. Kila kundi lilikuwa na kaya yake na fahari yake, na jina hilo moja lilipata nguvu katika miaka ya 1940 watu walipotaka kusimama pamoja. Hakuna aliyeacha kuwa Mgiriama ili awe Mmijikenda. Alipanua uwanja wa udugu wake. Kama uwanja huo uliweza kupanuliwa kutoka kaya moja hata tisa, nani atasema kuwa hauwezi kulifikia taifa?

Na swali alilouliza Ngala halikufa. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iligawa madaraka kwa kaunti 47, na wilaya za Malindi na Kilifi zikawa kaunti moja ya Kilifi. Mafanikio hayo yalipatikana kwa kura, si kwa panga. Hata hivyo, kaunti si dawa kwa jina lake. Ikiwa ukoo utaketi mahali pa kabila, na wizi mdogo mahali pa wizi mkubwa, tutakuwa tumehamisha ugonjwa kutoka kichwani mpaka mguuni.

Nimejibu swali nililoanza nalo? Jibu langu ni kwamba utengano na utawala mbaya ni mama na mtoto wanaozaana kwa zamu. Malindi ya kale utengano ulimleta mtawala mbaya. Kilifi ya hati za ardhi utawala mbaya ulileta utengano. Mzunguko huo hauwezi kukatwa na serikali peke yake, wala na raia peke yao. Serikali haina budi kutenda haki, na haki ya kwanza katika pwani hii ni ardhi. Raia naye hana budi kuwa na mizani moja. Nawe, msomaji kijana, unaweza kuijaribu mizani yako leo. Usikiapo habari ya tendo lolote la kiongozi, badili jina lake akilini mwako, umpe jina la kabila jingine. Ikiwa hukumu yako itabadilika pamoja na jina, basi hukupima tendo, ulipima kabila. Ikiwa hukumu itabaki ile ile, umeanza kuwa raia, na mtawala mbaya amepoteza mtu mmoja wa kujifichia.